Pierrette Aipa Mashini Sauti

Surua ilimpokonya Pierrette macho angali anabebwa mgongoni, kule Pweto, Ziwa Mweru linapoishia upande wa Kongo. Hakuyakumbuka maisha ya kuona, kwa hiyo hakuyalilia. Alichokuwa nacho ni masikio. Akiketi na mama yake, Mama Régine, penye meza yao ya samaki wakavu karibu na gati la Nchelenge, upande wa Zambia, aliweza kusikia injini ya mtumbwi ukija kutoka kisiwa cha Chisenga, akasema ni ya nani kabla wenye macho hawajauona. Tena aliweza kuigiza sauti ya mtu yeyote, awe mpiga debe, mchungaji au mama anayekataa kupunguza bei, na wanawake wa sokoni walicheka mpaka wakashika mbavu.

Wao walivuka ziwa wakati wa vita, na sasa waliishi katika makazi ya wakimbizi, wakilima mihogo, na siku za soko wakija mjini. Katika maisha hayo hakuna kitu Pierrette alichokipenda kama kipindi cha Kiswahili redioni. Nchelenge ilikuwa na kituo kidogo cha redio ambacho wiki nzima kilisema Kibemba, ila Jumamosi mchana kiliwaachia Wakongo saa moja. Msomaji wake alikuwa Apollinaire, mfanyabiashara aliyevusha sabuni na vitenge kati ya Kilwa, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, na Nchelenge, mtu mwenye ulimi mtamu aliyejulikana pande zote mbili za ziwa. Apollinaire akisoma, midomo ya Pierrette ilicheza pamoja naye.

Siku moja Pierrette alipiga moyo konde, akaenda kituoni kuomba kazi. Mkuu wa kituo, Dorica, Mzambia mwenye sauti nzito na ya upole, alimpa kipaza sauti, akamsikiliza, na hakuficha kwamba ameipenda sauti ile. Lakini habari husomwa, na habari zilikuja zimeandikwa. Walijaribu kumweka mtu wa kumnong'oneza sikioni. Mnong'onezaji alikwama, akakohoa, akaruka mistari, na jaribio zima likawa vurugu. Dorica hakumfukuza. Alimwambia tu kwamba siku akipata njia yake mwenyewe ya kusoma, mlango uko wazi. Pierrette alirudi nyumbani na neno hilo, akawa analitafuna usiku na mchana.

Njia ilipatikana kwa Méschac. Méschac alisomea kompyuta Lubumbashi kabla ya kuwa mkimbizi, na sasa alifundisha katika ukumbi wa bati pale makazini, akiwa na kompyuta za mkononi kuukuu zilizotolewa msaada. Pierrette alipojiandikisha, wenzake walinong'ona. Kweli wiki ya kwanza ilikuwa ngumu, maana somo lote lilikuwa la kusukuma kipanya na kubofya picha, naye alikaa akisikiliza mibofyo ya wengine kama mtu anayesikia harufu ya ugali wa jirani. Méschac aliona aibu. Akaenda akafikiri, na wiki iliyofuata alimwekea spika za masikioni, akafungua terminali.

Terminali, alimweleza, ni dirisha lisilo na picha hata moja. Unaandika amri kwa maneno, unabonyeza kitufe cha kuingiza, na mashini inakujibu kwa maneno. Ndani yake anakaa mpokeaji wa amri anayeitwa sheli. Na kulikuwa na programu nyingine iliyosoma kwa sauti kila kilichoandikwa, na wewe au na mashini. Pierrette akaweka vidole penye vile vinundu viwili vya herufi F na J, akaandika jina lake, akalisikia likirudi sikioni herufi kwa herufi. Halafu akaanza kuuliza maswali, na tangu hapo Méschac hakupumzika tena. Kwa mara ya kwanza Pierrette alikuwa ameketi mbele ya kitu ambacho wenye macho hawakuwa wamemtangulia kwacho.

Tatizo lilikuwa moja. Sauti ya mashini ilikuwa ya Kiingereza. Akiipa maandishi ya Kiswahili iliyavunjavunja kama mtu anayetafuna mifupa. Ziwa ilikuwa "zaiwa," leo ilikuwa "liyo," na njia hata hakuna aliyejua ilikuwa nini. Pierrette alicheka siku ya kwanza. Siku ya tatu hakucheka.

Méschac alimwambia kwamba mashini ile ile inayo pia sauti ya Kiswahili, imelala tu ndani, inangoja kuamriwa. Wakaketi pamoja wakaandika programu fupi, mistari michache tu, wakaiita soma. Kazi yake ilikuwa kuchukua maandishi utakayoipa na kuyasoma kwa sauti, ikitafuta mambo mawili: jina SAUTI, ijue isome kwa lugha gani, na jina KASI, ijue isome upesi kiasi gani. Isipokuta kitu chini ya jina SAUTI, itasoma Kiingereza. Majina ya namna hiyo, alisema Méschac, wataalamu wanayaita vigeu vya mazingira. Unaipa sheli jina na kitu cha kuweka chini ya jina hilo, na programu zinazozaliwa humo zinaweza kulitazama zikajua mwenye nyumba anataka nini.

Pierrette hakungoja aambiwe mara mbili. Aliandika SAUTI, akaacha nafasi, akaweka alama ya sawasawa, akaacha nafasi, akamaliza na sw, kifupi cha Kiswahili. Mashini ikamjibu kwa baridi kwamba haijui amri yoyote inayoitwa SAUTI.

Méschac akamfafanulia kwamba ukiacha nafasi, sheli inadhani neno la kwanza ni amri. Jina, alama na kitu chake lazima vishikane. Akaandika upya: SAUTI=sw. Safari hii mashini ilinyamaza, na kunyamaza kwake, alisema Méschac, ndiko kukubali. Ili kuhakikisha, akamfundisha amri ya kurudishiwa neno, echo $SAUTI, na spika zikasoma "eko dola SAUTI."

Pierrette aliinua kichwa. "Mwalimu, hii mashini nayo inataka dola?"

Ukumbi mzima ulicheka, na Méschac naye. Halafu akaeleza kwamba alama ile ya dola haidai chochote. Bila alama, neno ni neno tu. Ukiitia mbele ya jina, unaiambia sheli ifungue jina hilo ikuletee kilichomo. Na kweli mashini ilikuwa imeshajibu: sw. Pierrette akasugua mikono, akaiita soma, akaipa barua fupi ya shangazi yake wa Pweto.

"Zaiwa," ilianza mashini.

Alirudi nyuma kana kwamba amepigwa kofi. Ameipa jina, imelikubali, imemrudishia kwa kinywa chake yenyewe, na bado inasema zaiwa. Méschac alivuta kiti karibu. Aliongea polepole, kwa Kiswahili cha kwao, kama mtu anayemweleza dada yake.

"Weye uliambia mama. Mama njo sheli. Lakini soma ni mutoto wake, amezaliwa sasa hivi, na ye hajasikia kitu. Sheli inaweka ile jina mu mufuko yake peke yake. Kama unataka batoto bapate, lazima umwambie: hii uwape na batoto."

"Namuna gani?"

"Andika export, kisha jina."

Akaandika export SAUTI. Kimya. Akaita soma tena.

Na mashini ikasema: Ziwa. Ikasema shangazi yako anakusalimu, ikasema mvua imenyesha vizuri, mihogo imekubali, tunaomba Mungu tuonane. Ilisema yote hayo kwa Kiswahili kilichonyooka, kila silabi mahali pake. Pierrette alisimama ghafla, waya wa spika ukaivuta kompyuta nzima mpaka Méschac akaidaka ukingoni mwa meza. Hakujali. Alichomoa waya ili wote wasikie, akaiagiza isome tena, na tena. Wanafunzi waliacha vipanya vyao wakaja. Mzee mmoja aliyepita nje alichungulia dirishani akauliza ni nani huyo Mtanzania aliyemo ndani. Pierrette akaandika maneno ya kwao haraka haraka, batu bote ba Mweru, mutoto, mukate, na mashini ikayasoma yote bila kuyasahihisha. Mchana ule hakuna aliyefunzwa kitu kingine.

Kesho yake aliwahi kufika kabla ya wote, akafungua kompyuta, akaita soma. Zaiwa. Akadhani ameiharibu. Méschac alipoingia alimtuliza. Jina linaishi muda sheli yake inapoishi. Dirisha likifungwa, linakwenda nalo. Lakini lipo faili dogo, .bashrc, ambalo sheli hulisoma kila inapoamka. Ukiandika mstari wako humo, hutahitaji kuukumbusha. Pierrette aliandika export SAUTI=sw kwa mkono wake mwenyewe, akafunga dirisha, akafungua jingine, akasikia Ziwa. Akafunga, akafungua tena, kama mtoto anayecheza na mlango.

Kuanzia hapo alikuwa na kazi ya kujifunza iliyomfaa yeye peke yake: kusikia na kusema kwa wakati mmoja. Mashini ilisoma sikioni, naye alirudia kwa sauti, neno moja nyuma yake. Mwanzoni alikuwa kama kasuku aliyelewa. Akameza miisho ya maneno, akachelewa, akapotea. Aligundua kwamba habari ngumu zataka mwendo wa taratibu na salamu zaweza kukimbia, na Méschac akamwonyesha kwamba akiandika KASI=120, yaani maneno mia na ishirini kwa dakika, mbele ya amri, kwenye mstari uleule, mwendo huo utatumika mara hiyo tu, kisha mambo yarudi kama yalivyokuwa. Mama Régine alilalamika kwamba nyumba imekuwa na mtu anayejisemesha tangu alfajiri. Ila jirani zake walipokuja, alikuwa wa kwanza kumwomba Pierrette awaonyeshe.

Basi ikaja Jumamosi ya upepo. Tangu asubuhi ziwa lilikuwa likinguruma, na pale gatini mitumbwi ilikuwa imevutwa mchangani. Pierrette alikuwa mezani na mama yake simu ilipolia. Alikuwa Dorica. Apollinaire amekwama Kilwa, hakuna chombo kinachovuka. Ametuma habari zote kwa simu, zimeandikwa, lakini hakuna wa kuzisoma, kwa kuwa Kiswahili cha pale kituoni ni cha kununulia samaki tu. Aliuliza kama ile njia ya kusoma imepatikana.

Pierrette alisema imepatikana. Alipokata simu ndipo alipokumbuka kwamba kompyuta aliyoizoea iko makazini, tena haina moto, kwani umeme ulikuwa umekatika tangu juzi. Lakini shingoni, kwenye uzi, alikuwa na flashi yenye programu yake soma. Na kompyuta ya kituo, hilo alilijua, ilitengenezwa na Méschac ilipojaa virusi, akaiwekea mfumo uleule na zile sauti zake zote. Mama Régine aliomba jirani amwangalilie meza, akamshika binti yake mkono, wakaondoka mbiombio.

Dorica aliwapokea mlangoni. Fanwell, fundi mitambo, alikuwa ameshaweka wimbo mrefu wa kwaya kujaza muda, na akasema wimbo huo unamalizika karibuni. Pierrette akaketishwa. Vidole vyake vikatafuta vile vinundu viwili, vikavipata. Dorica alikuwa ameshaziweka habari ndani ya kompyuta. Pierrette alifungua terminali, akachomeka flashi, akainakili soma, akavaa spika. Akaandika SAUTI=sw, bila nafasi hata moja. Mashini ikanyamaza. Akaiita soma.

"Zaiwa Mweru," ikasema mashini.

Kwaya ilikuwa imefika kibwagizo cha mwisho, alikijua, kilirudiwa mara mbili kisha basi. Alijiuliza jambo moja tu: kule makazini kuna nini ambacho hapa hakipo? Kule aliandika mstari katika lile faili linalosomwa sheli inapoamka. Na ndani ya faili hilo, mstari wake haukuanza na SAUTI. Ulianza na neno jingine, ambalo mkono wake ulikuwa haujaliandika tangu siku ile ya kwanza, kwa sababu faili lilimfanyia kazi. Hapa amemwambia mama, yaani sheli, peke yake.

Aliandika export SAUTI, akaiita soma tena.

"Ziwa Mweru," ikasema mashini, ila ilisema kwa mwendo wa kukimbizwa, maana hapa hakuna aliyeipa KASI. Pierrette aliikatiza. Kwaya ikaimba kibwagizo kwa mara ya pili. Akaandika KASI=120, akaacha nafasi, akaandika amri yake na jina la faili, akaweka kidole juu ya kitufe cha kuingiza, akangoja. Mkono wa Dorica ukamgusa begani. Ndiyo ilikuwa ishara.

"Batu bote ba Mweru," alisema Pierrette, "ba Kilwa, ba Pweto, ba Puta na ba Nchelenge, jambo yenu. Leo ni miye Pierrette, binti ya Mama Régine, njo niko na habari."

Akabonyeza.

Sauti ya mashini ikaja sikioni, na sauti yake ikaifuata. Alisema upepo bado ni mkali, na wenye mitumbwi ya kwenda Chisenga wasitoke mpaka utulie. Alisema chanjo ya watoto itakuwa Kafutuma, kwenye kituo cha afya, na akina mama wafike mapema. Kila sentensi ilipoisha salama, mabega yake yalishuka kidogo. Halafu, katikati, mashini ikamwambia: "b j r."

Apollinaire alikuwa amefupisha Kifaransa kama watu wanavyoandikiana kwenye simu. Pierrette alilirudia neno hilo kimoyomoyo, huku mashini ikiendelea. Kisha akalitambua. "Bonjour," akasema hewani kwa furaha ambayo hakuipanga, "bonjour kwa wale wote wa soko ya Kilwa." Mashini ikaleta "slt," akaifanya salut, salamu. Ikaleta "cmt," akauliza Wakongo wote wa ufuoni comment, habari zenu. Kufikia hapo alikuwa haifuati tena mashini. Alikuwa anatembea kando yake. Salamu ya mwisho ilitoka Puta kwa mama aitwaye Princesse, aliyejifungua mapacha na anayemtafuta baba yao aliyeko kambi ya wavuvi Chisenga bila simu. Pierrette aliisoma mara mbili, mara ya pili bila msaada, maana alikuwa ameishika, na akamwomba yeyote aliye karibu na mtu huyo amshtue.

Fanwell akaweka wimbo. Pierrette akavua spika, akagundua kwamba mgongo wake umelowa jasho. Mama Régine, aliyekuwa amesimama ukutani muda wote huo akiziba mdomo kwa kitenge, alimjia akawa anampapasa kichwa. Dorica alitoka, akarudi na simu iliyokuwa ikiita, akamwekea sikioni.

Alikuwa Apollinaire. Nyuma yake zilisikika kelele za watu wengi, abiria waliokwama naye bandarini Kilwa, ambao walikuwa wameizunguka redio moja. Alimwambia kwamba Pierrette alipofika kwenye ile "b j r", yeye alitaka ardhi immeze.

"Mudogo wangu, miaka yote nasoma peke yangu, hata nikiwa na malaria," alisema. "Sasa tutasoma bawili. Weye Jumamosi moja, miye ingine. Ambia Dorica miye nimekubali."

Pierrette alijibu, "Ndiyo, yaya," akimwita kama kaka yake mkubwa.

Dorica naye hakuhitaji kushawishiwa. "Ba Pierrette, mukwai," alisema, akichanganya Kibemba chake cha heshima na kile Kiswahili cha samaki, "hii kiti yako."

Wengine wangetoka wakashangilie. Pierrette aliomba kwanza ruhusa ya kugusa kompyuta tena. Dorica akaitoa. Pierrette akafungua faili lile la kuamshia sheli, akaandika humo mistari miwili, SAUTI na KASI, kila mmoja ukianza na export. Akafunga dirisha, akafungua jipya, akaiita soma huku spika zimechomolewa, na chumba kizima kikasikia Ziwa Mweru. Fanwell aliomba ajaribu yeye. Akaandika salamu ya Kiswahili aliyoijua, mashini ikaisoma, naye akageuka kumtazama Dorica kana kwamba ni yeye aliyeifundisha.

Nje, habari zilikuwa zimewatangulia. Wanawake wa sokoni waliwangojea njiani, na kila mmoja alikuwa na salamu yake ya kupelekwa ng'ambo: huyu kwa mume, huyu kwa wakwe, huyu kwa rafiki aliyepotea Pweto tangu walipokimbia. Pierrette aliwasikiliza mmoja mmoja, akirudia majina kwa sauti ili yasimtoke. Mtu mmoja alikuja akitweta kutoka gatini akasema kwamba kambini Chisenga wamesikia, mwenye simu mmoja amepiga, baba wa mapacha ameshikwa na wenzake asiruke majini aje kwa kuogelea. Watu wakapiga vigelegele, na Pierrette akacheka mpaka akashikilia bega la mama yake.

Kule barabarani gari la kurudi makazini likapiga honi. Mama Régine akasema litawaacha. Pierrette, ambaye tangu utoto alizoea kupima kila hatua kabla ya kuikanyaga, akaukamata mkono wa mama yake, na wote wawili wakakimbia.